Tairi za Kuazima Hazitakufikisha Bondo

Mdogo wangu, sogea karibu tuzungumze habari ya hiyo Probox yako. Mwezi wa ukaguzi unakukaribia na naona umeanza kuwa mkali kwa watu wa nyumbani. Chakula unakiacha nusu, fundi unampigia simu usiku wa manane, na shemeji akikuuliza kuna nini unamjibu kwamba ni mambo ya kazi tu. Wala usione haya. Kutoka Kondele hadi Usenge, kutoka Ahero hadi Sondu, wenye magari kama lako wote huingia wiki hiyo roho juu. Hofu yenyewe naielewa na naisamehe. Ninachokuja kukugombeza ni yale mnayoyafanya mkishashikwa na hofu.

Nasikia mnaazimana tairi. Jioni kabla ya ukaguzi unakwenda kwa rafiki yako mwenye tairi nzima, mnang'oa zenu zilizobaki kipara, mnafunga zake, asubuhi gari linasimama mbele ya mkaguzi likiwa limependeza kama bibi harusi. Cheti kinatoka. Kabla ya saa kumi tairi zimerudi kwa mwenyewe, na kesho yake alfajiri unapakia watu wa Bondo juu ya vile vipara vyako vya zamani. Omera, hapo umemdanganya nani? Mkaguzi hapandi gari lako. Anayepanda ni mama wa samaki anayewahi ufukweni, ni mtoto wa watu anayerudi shuleni Maseno, na wewe mwenyewe uko mbele yao wote, kifua chako kwenye usukani.

Nakuambia haya kwa upendo, lakini nakuambia. Cheti kinasema gari lilikuwaje siku ile, saa ile, likiwa na vile vilivyofungwa. Mvua ya Kisian haisomi cheti.

Na kwa kuwa tumeanza na tairi, tumalizane nazo kabisa. Probox za mwanzo za kubebea mizigo zilitoka na tairi za 155R13 zenye herufi LT ubavuni, yaani tairi za gari la mzigo, ubavu wake mgumu. Ukienda kwa muuza mitumba atakupa ya gari dogo la abiria, atakuambia rimu ni ile ile, na kweli itaingia. Lakini haikuundwa kubeba uzito unaoupakia wewe. Halafu tazama zile namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT: ukiona 2319, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado ikawa mzee, mpira umekauka na nyufa zimejaa ubavuni. Inama uangalie. Usione aibu kuinama mbele ya muuzaji, fedha ni yako.

Sasa gari lenyewe. Wengi mnaniuliza kama Probox ni gari la kufaulu ukaguzi au la kumwaibisha mtu. Kule Ujerumani kuna ripoti ya wakaguzi wa magari wa TÜV inayotoka kila mwaka, inayapanga magari kwa modeli na kwa umri, unaona lipi huanguka zaidi na kwa kosa gani. Sisi huku ripoti yetu ni mafundi wa jua kali wanaolala chini ya magari haya kila siku, na wao ukiwauliza hawakuonyeshi injini kwanza. Injini ya 1NZ ya cc 1,500 ni ile ile iliyomo kwenye Fielder nyingi, vipuri vyake viko kila kona, na ukibadilisha oili kwa wakati inakuvumilia. Mafundi watakuonyesha chini: breki, bushi, boljointi, springi, beringi za nyuma. Yaani vile vitu vinavyobeba uzito na kuusimamisha. Probox inachoka mgongo na magoti kabla moyo haujachoka.

Na kwa nini? Sikiliza, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Toyota waliitoa Probox mwaka 2002, pamoja na ndugu yake Succeed, ishike nafasi ya Corolla ya mizigo. Kwa Wajapani hili ni gari la kazi, mtu mmoja au wawili mbele na masanduku nyuma. Uwezo wake wa mzigo ni kama kilo 400 likiwa na watu wawili, na wakikaa watano mzigo unashuka hadi kilo 250 hivi. Sasa njoo na hesabu ya steji yetu. Watu tisa, kila mmoja kilo 65, ni kilo 585. Hujaweka gunia la omena juu ya kariari, hujaweka dumu la mafuta wala kuku wa bibi, na tayari umelipitisha gari mpaka wake. Unafanya hivyo asubuhi, unafanya mchana, unafanya jioni, mwezi baada ya mwezi. Bandu bandu huisha gogo. Halafu mkaguzi akikuandikia kwamba bushi zimekwisha na springi zimelala, unanung'unika kwamba ameamka vibaya.

Tena ujue, kule lilikotoka gari hili lilikuwa limezoea ukaguzi kuliko wewe. Gari la kawaida la nyumbani Japani hukaguliwa likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Lakini Probox ya mizigo hukaguliwa mara ya kwanza likifika miaka 2 na baada ya hapo kila mwaka. Kila mwaka, omera! Aliyekuwa nalo Osaka alikuwa analilipia, analitengeneza, analirudisha barabarani. Kwa hiyo gari liliposhuka Mombasa halikuwa bovu. Ubovu mwingi unaokutia aibu leo umezaliwa hapa hapa, kati ya Ndori na Kisian, mikononi mwetu.

Kuna wajanja wanaoinyanyua Probox nyuma. Wanafunga springi nzito zaidi, au wanaweka vipande vya kuiinua, ndipo gari likijaa lisiiname. Unajiona umetibu. Hebu fikiri kidogo: ulichoondoa ni kule kuinama, ambako ndiko kulikokuwa kunakuambia kwamba mzigo umezidi. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, breki ni zile zile za watu watano. Mficha maradhi kifo humuumbua, na gari nalo ni hivyo hivyo. Mkaguzi mzuri akiona springi zisizo za gari hilo atakuuliza, na atakuwa na haki ya kukuuliza.

Breki nataka tuzizungumze taratibu, maana hizi ndizo zinazoninyima usingizi. Probox ina diski mbele na dramu nyuma. Dramu zimefunikwa, kwa hiyo hazikumbukwi. Mtu anabadilisha pedi za mbele mara kwa mara kwa sababu zinapiga kelele, lakini nyuma hajafungua tangu anunue. Handibreki inavutwa mpaka karibu na kwapa na gari bado linateleza kwenye kilima, naye anaweka jiwe nyuma ya tairi na kuendelea na maisha. Jiwe! Ndugu yangu, ukishafikia kubeba jiwe kwenye buti, gari limekwisha kukuambia kila kitu. Handibreki ya Probox inashika dramu hizo hizo za nyuma. Ikikataa kushika, huenda kamba yake imelegea, lakini huenda pia viatu vya breki vimekwisha au mafuta yanavuja ndani. Fungua uone.

Na yale mafuta ya breki kwenye kikopo chini ya boneti, lini uliyabadilisha? Si kuongeza, kubadilisha. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri siku zinavyokwenda, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Yakishajaa maji, breki zikipata moto mafuta yanachemka, na mguu unakanyaga unazama bila kitu. Sasa weka hilo kwenye mteremko wa Riat, gari limejaa, unashuka kutoka Kiboswa kuja Mamboleo huku mguu umelalia breki njia nzima. Shuka na gia nzito, mpenzi wangu, iache injini ikusaidie kulizuia gari. Mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, na kwa kazi unayoifanya wewe hata mapema zaidi. Bei yake haifiki nauli za siku moja.

Hapo Mamboleo tunapajua kwa majonzi. Agosti 2025 basi lililokuwa linawarudisha waombolezaji Nyakach kutoka mazishini Nyahera lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Walikuwa wametoka kuzika wakawa wa kuzikwa. Chanzo chake nawaachia waliochunguza. Ninachosema ni kwamba mji huu umelia vya kutosha, na kama kuna kitu kidogo tunachoweza kukitengeneza wenyewe kwenye gari letu kabla ya kuuanza mteremko, basi tukitengeneze.

Taa nazo zina hadithi yake. Vioo vya taa za Probox za zamani hugeuka rangi ya maziwa yaliyoganda, mwanga unatoka hafifu, na mwenyewe anaongeza taa kali za ziada ili aone. Halafu gari likijaa nyuma linakaa chini, pua inaelekea juu, na mwanga wote unampiga machoni anayekuja. Kijana wa boda anayetoka Akala usiku haoni kitu. Vioo husuguliwa vikarudi, taa hupangwa zikaangalia barabara. Ni kazi ya asubuhi moja.

Sasa niseme na wewe dereva ambaye gari si lako. Najua shida yako na ndiyo inayoniuma kuliko zote. Mwenye gari yuko Nairobi, anataka hesabu yake kila jioni kwenye simu. Ukimwambia breki zinazama, anaona unatafuta fedha ya kula. Ukimwambia lipumzike siku mbili, anakutajia kijana mwingine anayesubiri ufunguo. Kwa hiyo unanyamaza, unaendesha kwa sala, na ukaguzi ukifika unaazima tairi kwa ujanja wako ili tu usipoteze kazi. Nakuelewa, wala sikuiti mtu mbaya. Lakini kunyamaza hakukulindi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, inadai gari lililo barabarani na kila sehemu yake liwe katika hali isiyohatarisha watu. Polisi akikusimamisha Kisian, anayeonekana nyuma ya usukani ni wewe.

Kwa hiyo mwandikie. Usiongee tu kwa mdomo, maana maneno ya mdomo hupotea. Piga picha ya tairi, piga picha ya pedi iliyokwisha, mtumie kwenye simu na bei ya fundi chini yake, na tarehe ionekane. Wengi wao si wakatili, wako mbali tu na hawajaona. Akiona kwa macho yake atatuma. Na asipotuma, omera, rudisha ufunguo. Najua ni rahisi mimi kusema na ni vigumu wewe kufanya, na watoto wanataka kula. Lakini watoto hao hao wanakutaka urudi jioni.

Na wewe uliye Nairobi, uliyenunua gari kwa mkopo wa SACCO, nawe ni mdogo wangu na nawe nakusema. Hesabu ya kila siku ambayo haina shilingi ya matengenezo ndani yake si hesabu, ni kulila gari lenyewe kipande kwa kipande. Tenga kidogo kila wiki, kikae mbali na matumizi. Siku ya ukaguzi ikifika utakuta umetulia, huna wa kumpigia simu kwa fadhaa.

Wapo pia wanaokuja na maneno matamu karibu na siku hizo. Wanakuambia nipe kitu kidogo, cheti kitakuja, gari usilihangaishe hata kulitoa nyumbani. Mkimbie mtu huyo. Kwanza atakula fedha yako na kukuletea karatasi isiyosomeka popote kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Pili, hata ikisomeka, umelipa ili usiambiwe kwamba breki zako zimekufa. Nani hulipa daktari ili amfiche ugonjwa wake? Omba nafasi yako kwa njia ya halali, upeleke gari, usimame pale, usikilize.

Kwa wale mnaotaka kununua, neno langu ni refu kidogo lakini nivumilieni. Probox inayotoka Japani moja kwa moja hairuhusiwi kuingia Kenya ikiwa imepita miaka 8, na hukaguliwa huko kabla ya kupakiwa melini kwa kiwango chetu cha KS 1515. Hiyo ni nzuri, lakini usiishie hapo. Mwombe muuzaji karatasi ya mnada. Humo kuna gredi ya gari, na ukiona R au RA mahali pa gredi jua liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, herufi S ni kutu na C ni kutu iliyokula chuma. Magari yaliyoishi kaskazini, kama Hokkaido, hupita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyushia theluji, na chumvi hiyo hula chini ya gari kimyakimya. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mbichi inayong'aa, usifurahi. Gonga kwa kidole, sikiliza.

Ukinunua la hapa hapa, kuna mengine ya kuangalia. Inua zulia la buti. Kama gari lilikuwa la samaki, maji ya barafu yameshuka humo miaka mingi na utakuta bati limeliwa. Kama lilikuwa maeneo ya Nyando au uwanda wa Kano, uliza lilikuwa wapi mto ulipofurika. Tope lililokauka chini ya viti, reli za viti zenye kutu, ukungu ndani ya taa: hayo ni maji. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lipeleke kwa fundi wako, usiende na fundi wa muuzaji, liingie shimoni, litazamwe chini kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza. Zile Probox za sura mpya, zilizotoka kuanzia 2014, nyingi zina gia za CVT. Hizo zinataka mafuta yake mahususi na hazipendi kubebeshwa kupita kiasi. Uliza yalibadilishwa lini.

Mwenye gari la nyumbani tu, usijione umepona. Ukaguzi wa kila mwaka umekuwa wa matatu na magari ya biashara, lakini mwaka 2025 serikali ilitoa rasimu ya kanuni iliyogusa pia magari ya binafsi yaliyopita miaka 4. Magari yetu mengi huingia nchini yakiwa yameshapita umri huo. Jizoeze tangu sasa.

Na kama lina bima ya binafsi lakini Jumamosi unapakia watu wa Luanda Kotieno kwa nauli, bima hiyo haikuandikiwa kazi hiyo. Likitokea la kutokea utajikuta peke yako na familia za watu mlangoni. Hilo halihitaji maneno mengi. Acha, au ukate bima inayostahili.

Wale tuliokuwepo tunakumbuka kanuni za matatu za waziri Michuki, zilizotangazwa 2003 na kuanza kukazwa Februari 2004. Watu walilalamika, matatu zikakaa nyumbani, tukatembea kwa miguu. Kisha mikanda ikafungwa, mstari wa njano ukachorwa, na kwa muda tulipanda gari bila kushikana mikono kwa woga. Iliwezekana. Ililegea tulipoanza tena kuhesabu ukaguzi kuwa ni jambo la mkaguzi.

Basi ukipeleka gari na ukaanguka, usione dunia imekwisha, na usirudi nyumbani kumfokea mtu. Karatasi ya makosa usiikunje na kuitupa chini ya kiti. Umeelezwa bure mambo ambayo fundi mwingine angekuzungusha mwezi mzima kuyatafuta. Anza na breki, kisha usukani na vinavyoushikilia, yaani boljointi na tairodi, kisha tairi, kisha taa. Bampa iliyochubuka na rangi vinaweza kungoja. Fedha ikiwa ya kipande kimoja tu, tengeneza kipande hicho na gari likae mpaka upate ya kingine. Kaa karibu fundi anapofungua, uone kilichotoka, ondoka na kipuri cha zamani mkononi ili ujue kweli kimebadilishwa.

Na mikanda ya viti vya nyuma, ile iliyomezwa na viti siku nyingi, ivute nje leo hii kabla hujalala. Hiyo haitaki fundi wala fedha.